Vikombe vya Jumamosi

Nilikabidhi stoo siku ya Ijumaa, kabla jua halijatua, maana kwetu Wasabato jua likishatua Ijumaa hata kuhesabu sufuria ni kazi. Funguo tatu, sufuria kubwa nne, mahema mawili yenye viraka, viti vya plastiki mia moja themanini na sita, na vikombe vya bati sitini. Akina mama wawili wanaochukua nafasi yangu walihesabu mara moja wakashika kalamu watie sahihi. Nikawaambia wahesabu tena.

Mmoja akaguna. "Kwani Mama, viti vina miguu?"

"Minne kila kimoja," nikamwambia. "Ndiyo maana vinaenda matangani mia na kurudi tisini na tano."

Hao wawili ndio walioniomba niandike habari za kazi hii, wapate pa kushika. Mshahara hawakuuliza, na wamefanya vyema, kwani habari hiyo ingekwisha kabla wino haujakauka. Wala hawakuuliza nilipandaje kutoka kufagia hadi kushika funguo. Nilipanda kwa sababu walionitangulia walizeeka au walihamia Kisumu. Walichotaka kujua ni kazi yenyewe ikoje. Kazi yenyewe ni hofu. Sufuria, hema na mwiko ni vyombo vyake.

Nilianzia Sindo, kwenye stoo ya kanisa iliyokuwa ndogo kama banda la kuku, na hewani mlikuwa na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, hata siku ambayo hakuna aliyevua. Aliyenipokea alikuwa Jaduong' Barnaba, mzee mtunza vifaa, mwembamba, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia wala akichelewa. Siku ya kwanza aliniambia nihesabu viti. Nikapata sitini na mbili. Akasema, tena. Nikapata sitini na moja. Nikataka kujua hesabu ipi ndiyo sahihi.

"Hakuna," akasema. "Ya kwanza umehesabu kwa macho, ya pili kwa woga. Rudia mpaka macho na woga vikubaliane."

Misiba mingine ilikuwa ng'ambo ya ziwa, na waombolezaji walivuka kwa boti pamoja na viti vyetu. Mimi kuogelea sijui hadi leo. Nimekulia kando ya ziwa, na kila baada ya muda lilichukua mtu tunayemjua kwa jina, kwa hiyo heshima yangu kwalo niliitolea nchi kavu. Safari yangu ya kwanza, boti lilipoanza kujaa, nilianza kuhesabu watu kwa kidole. Jaduong' alinishika mkono akaushusha.

"Mwanangu, watu hawahesabiwi."

Nilikuwa nalijua hilo, ila hofu ilinisahaulisha. Kwetu ukimuuliza mama ana watoto wangapi, atakujibu wapo. Kuhesabu watu ni kuyapa mauti orodha. Lakini Jaduong' alikuwa mtu wa hesabu, na alikuwa ameshapata njia. Kila aliyepanda boti alipewa kiti kimoja akishike mwenyewe: mwanamume, mwanamke, mhubiri, hata mpiga picha. Kurudi, kila mtu na kiti chake. Jaduong' akahesabu viti. Miaka baadaye niliona kiti kimoja kikidondoka majini, kikaelea vizuri tu kama bata. Sijui kama hilo nalo alikuwa amelifikiria. Hakuwa mtu wa kujieleza.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka msiba wa upande wa Rusinga, wingu zito likitufuata mgongoni. Tulikuwa tumeshaacha ufuko nyuma nilipoona katikati ya boti kiti ambacho hakuna aliyekishika. Niliuliza ni cha nani. Kila mtu alitazama cha kwake. Halafu, bila kuambizana, wote wakageuka kutazama maji. Hakuna aliyesikia mtu akianguka, na hilo ndilo lililotutisha zaidi. Mwenye boti akasema wingu linakuja, hatuwezi kurudi. Jaduong' alikiinua kile kiti, akakiweka mapajani mwa yule mwenye boti. Tukageuza, tukarudi msibani.

Mwenye kiti tulimkuta nyuma ya jiko la wafiwa, na sahani ya pili. Jaduong' hakumgombeza. Alimkabidhi kiti chake, akamwambia, "Omera, ndugu yangu, ukitaka kubaki, baki na kiti." Lakini nilikuwa karibu naye, na niliona vidole vyake vilivyokataa kukiachia kile kiti mpaka yule mtu akakivuta. Nilijifunza siku hiyo kwamba aliyetulia kuliko wote ndiye anayeogopa kuliko wote, ila ameshapata la kufanya.

Baadaye nililetwa Masara. Ziwani hatari unaiona ikija na mawimbi yake. Masara iko chini ya nyayo. Siku yangu ya kwanza nilipiga sakafu ya kanisa kwa kisigino, kama mtu anayepima ngoma kabla ya kuinunua, na sakafu ikanijibu. Kulikuwa na uwazi chini. Wachimbaji wa dhahabu hufuata mkanda wa mawe popote unapokwenda, na mkanda haujui mpaka wa kanisa. Mchungaji aliniambia tangi kubwa la maji tusiliweke upande wa kushoto. Nikamuuliza kwaya inakaa upande gani. Akasema kushoto. Nikamwambia basi Mungu awape sauti nyepesi.

Makanisa yalikuwa mawili, yametenganishwa na njia ya mguu: letu linaloabudu Jumamosi, na la Wakatoliki. Tulikuwa na kamati moja ya ujirani. Tuliwapikia uji wanawake wazee wanaoponda mawe, tukapeleka hema na viti kwenye misiba bila kuuliza marehemu alikuwa anasali wapi. Na misiba ya mashimo ilikuwa mingi. Shimo likiporomoka, hakuna aliyejua nani yuko ndani na nani hayuko. Mwaka wangu wa kwanza, watu walichimba siku nzima kumtafuta kijana ambaye alikuwa Migori mjini akinyolewa. Alirudi jioni, kichwa kinang'aa, akakuta mama yake ameshalia mpaka sauti imekwisha. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Kama wanaweza kumchimba asiyekuwemo, siku moja watamwacha aliyemo.

Kuhesabu watu mdomoni mwa shimo kulikuwa hakuwezekani. Wachimbaji walisema shimo likisikia idadi, litadai fungu lake. Ndipo nilipokumbuka viti vya Jaduong'. Kiti hakifai kwenye shimo, lakini kila mchimbaji hunywa uji asubuhi. Nikaenda soko la Migori kutafuta vikombe.

"Sitini?" muuzaji akaniuliza. "Mama, unafungua hoteli?"

"Ningefungua hoteli ningenunua vya udongo, vivunjike nirudi kwako. Hivi ni vya maisha. Kwa hiyo leo ndiyo siku yako ya mwisho kuniona. Niambie bei ya kuagana."

Akataja. Nikakigonga kimoja, nikamwonyesha pale enameli ilipobanduka. Akapunguza. Nikagonga cha pili. Akaniomba niache kugonga. Kabla jua halijafika utosini nilikuwa na vikombe sitini na mwiko wa bure.

Utaratibu ulikuwa huu. Kila mchimbaji alichora alama yake kwa rangi kwenye kitako cha kikombe: samaki, jogoo, nyota, herufi. Asubuhi alipita kwenye meza yetu kando ya njia, akanywa uji, akakipindua kikombe mezani, akaingia shimoni. Akitoka, anakipindua tena, anamiminiwa chai. Kikombe kilichoinama ni mtu aliye chini. Hakuna aliyehesabu watu. Mimi nilihesabu vikombe, mara mbili, na kwa kuwa alama ilikuwa kitakoni, vikiinama nilijua pia ni nani na nani. Hilo la kujua nani na nani nililiona ni akili zangu. Liwekeni hapo kwanza.

Jumamosi hatufanyi kazi. Ijumaa jioni nilikuwa namkabidhi meza Konsolata Boke, mpishi wa Wakatoliki, mama wa Kikuria mwenye mabega ya mtu wa kubeba magunia na ulimi wa kuyashusha. Jumapili mimi nilisimama badala yake.

"Mnapumzika siku ambayo hamjachoka," alikuwa akinitania.

"Na nyinyi mnangoja mpaka mmekwisha kabisa."

Basi ikawa hivyo, na kwa muda mrefu hatukumpoteza mtu ambaye hatukujua yuko wapi. Tuliwapoteza ambao tulijua, na hao tuliwatoa, tukawazika.

Sasa Mzee Ezekieli. Alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu mwema, na wema wake ulikuwa na kingo kali kama karai jipya. Jumapili moja alinikuta naosha vyombo, akaniita binti wa Sindo, kama wanavyoniita huku.

"Nyar Sindo, jana vikombe vilikuwa vingapi?"

"Kumi na tisa, Mzee. Boke amehesabu, na mimi nimepitia alama leo."

"Vya watu wetu vilikuwamo?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema sijui. Lakini mtu anayejisifia hesabu yake hawezi kusema hajui. Nikasema kulikuwa na jogoo. Alinishukuru akaenda. Wiki mbili baadaye, yule mwenye jogoo, kijana mrefu aliyeimba besi, aliitwa mbele ya baraza kwa kuchimba siku ya Sabato, akaondolewa kwenye ushirika kwa miezi kadhaa. Ndani ya miezi hiyo mama yake akafariki. Kanisa halikwenda kuimba. Mimi nilipeleka hema na viti, nikavipanga mwenyewe, nikahesabu, nikakaa. Hema bila wimbo ni turubai tu. Kijana alinipa chai kwa mikono miwili, kwa adabu yote, na hakunitazama usoni.

Tangu hapo vikombe vya Jumamosi vikapungua. Kumi na tisa, kumi na sita, kumi na tatu, mwishowe kumi na moja. Nilifurahi. Nilisema mahubiri yameingia. Mimi, ambaye sijawahi kuamini hesabu ya kwanza ya kitu chochote, hiyo niliiamini mara moja, kwa sababu ilinipendeza.

Ilikuwa Jumamosi ya msimu wa mvua, tumo ibadani. Asubuhi hiyo Jenifa, mke wa Odira, alikuja na watoto wake bila mume. Nikamuuliza. Akasema Baba Akinyi ana malaria, amelala. Nikamwambia pole. Tulikuwa katikati ya somo, sakafu ikatikisika. Si sana. Kama lori limepita, ila njia yetu haipitiki kwa lori. Vumbi likashuka kutoka kwenye mabati, kwaya yote ikainuka bila kuambiwa, na tukasikia sauti kutoka chini, ndefu, kama mtu mkubwa anayekohoa na mdomo umefumbwa.

Tulitoka nje. Ardhi kati ya mashimo mawili ilikuwa imezama, pana kama uwanja wa mbele wa kanisa. Watu walikuwa wanatoka kwenye shimo la upande wa pili, mmoja mmoja, weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga. Boke alikuwa mezani pake, hajasogea, ameshika birika. Kila aliyetoka alikuja, akapindua kikombe chake. Chai ikamwagika, naye Boke akawa anaongeza. Nilisimama nyuma yake nikahesabu. Kumi na moja vimeinuka. Nikahesabu tena. Kumi na moja. Hakuna kilichoinama.

Otieno, msimamizi wa lile shimo, akavua kofia. "Watu wangu wote wametoka. Mungu ni mkubwa." Mtu akaanza wimbo. Wachimbaji wakaanza kukunja kamba, kwa sababu udongo ulikuwa bado unateremka, na kusimama pale kulikuwa kucheza na mauti.

Ningeimba nao. Lakini nimepatana bei sokoni miaka mingi, na soko limenifunza kitu kimoja: mdomo uache, fuata macho. Watu wote walikuwa wanalitazama shimo la Otieno. Jenifa alikuwa amelipa mgongo. Alikuwa anatazama nyuma ya vyoo vya kanisa, kwenye shamba la mahindi, na kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka bila yeye kujua.

Nikamsogelea. "Baba Akinyi anaendeleaje?"

"Amelala."

"Amekunywa dawa?"

"Amekunywa."

"Amelala wapi, Jenifa?"

Mzee Ezekieli alikuwa hatua kumi kutoka kwetu, ameshika Biblia, na nikaona macho ya Jenifa yakienda kwake na kurudi haraka, kama mkono uliogusa sufuria ya moto. Hapo nilielewa. Mahubiri hayakuwa yameingia popote. Watu wetu walikuwa bado wanachimba Jumamosi, ila walikuwa wanapita nyuma, bila kikombe, ili mimi nisiwaone. Kama Odira alikuwa chini, hakuna kikombe cha kumsema. Mwenye kumsema ni mkewe, na mkewe alikuwa anajua bei ya kumtaja. Alikuwa amekaa kwenye lile hema lisilo na wimbo. Viti alinisaidia kukusanya.

Kuna kupatana kwa kupandisha na kuna kupatana kwa kushusha. Nikashusha.

"Usiniambie mtu," nikamwambia. "Sitaki jina. Niambie shimo tu."

Akageuka tena kumtazama Mzee.

"Shimo tu, Mama Akinyi. Shimo halina kanisa."

Alinyanyua kidevu, kidogo tu, kuelekea mahindi. Kulikuwa na shimo la zamani kule, la kabla sijafika Masara, lililoachwa kwa kuwa lilikuwa linavuja. Nilikuwa nimelisahau. Otieno alisema baadaye kwamba njia ya chini ya hilo shimo inakutana na shimo lake mwenyewe.

Nikamwendea Otieno. "Msikunje kamba. Kuna mtu shimo la zamani."

"Mama, watu wangu wote wako hapa. Si umehesabu?"

"Nimehesabu. Kuna mtu."

"Nani?"

"Mtu, Otieno."

"Siwezi kuingiza watu kwa udongo kama huu kwa ajili ya mtu tu."

Mzee Ezekieli alikuwa ameshafika. "Nyar Sindo," akasema polepole, "ni nani?"

Nimeogopa mengi. Maji, udongo, mvua isiyokoma. Lakini sikuwahi kuogopa kitu kama yale maneno mawili, kwa sababu mara ya kwanza aliponiuliza nilijibu, na jibu langu ndilo lililokuwa limelala chini ya mahindi.

"Ni mmoja, Mzee," nikasema.

Na nilipolisema tu, nikajua nimedanganya. Nilijua habari ya mmoja kwa sababu ya kidevu cha Jenifa. Lakini vikombe vilikuwa kumi na tisa vikawa kumi na moja. Tofauti ni wanane. Nilirudia hesabu hiyo na haikubadilika. Kama wote wanane walikuwa kule, tulikuwa tunasimama juu yao.

Nilikwenda pembeni mwa shamba. Sikupaza sauti. Nikayaambia mahindi, "Kama kuna mtu humu, atoke. Hakuna anayeandika."

Kisha majani yakasogea, akatoka mmoja, tope mpaka masikioni, ameinamisha kichwa. Halafu wawili pamoja. Halafu wengine. Walikuwa kwenye mashimo mengine ya nyuma, wakatoka mshindo uliposikika, wakajificha, kwa sababu sisi wa kanisa tulikuwa tumejaa nje na nguo zetu nyeupe. Yule kijana wa besi alikuwamo. Wa mwisho kutoka alikuwa kitindamimba wa Mzee Ezekieli.

Nikawahesabu. Watu, si vikombe. Kwa kidole, mchana kweupe, na nikawarudia. Saba, na tena saba. Aliyebaki chini ni mmoja. Mungu anisamehe, nilishukuru.

Mzee Ezekieli alimtazama mwanawe. Biblia akampa Jenifa ashike. Akavua koti, akatafuta pa kuliweka, akaliacha chini. Akachukua sururu iliyokuwa karibu, akampa kijana wake mpini kwanza, kama inavyotakiwa.

"Unaijua njia ya kule chini?"

"Naijua, Baba."

"Basi waonyeshe."

Boke, ambaye alikuwa ametufuata na birika, akaniambia sikioni, "Leo si mmekatazwa kazi?"

"Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato tunaruhusiwa kumtoa. Imeandikwa."

"Na mtu?"

"Mtu tutamtafutia mstari tukishamaliza."

Udongo ulikuwa umekaa vizuri mdomoni mwa lile shimo kama kifuniko. Walichimba kwa zamu, makarai yakapita mkono kwa mkono, kutoka kwa Mkatoliki kwenda kwa Msabato kwenda kwa asiye na pa kusali. Wale saba walisema wapi pana jiwe na wapi pana maji, na kila waliposema walikuwa wanajitaja mbele ya baraza zima. Kila baada ya makarai kadhaa Otieno aliinua mkono na wote tukanyamaza kusikiliza. Ule ukimya ndio uliokuwa mbaya. Udongo ulikuwa unateremka punjepunje pembeni, na kila punje niliisikia. Mara tatu tulinyamaza bila kitu. Mara ya nne, ndipo tukasikia chuma kikigonga jiwe, dhaifu. Kikakoma. Kikagonga tena.

Jenifa alikaa chini pale pale alipokuwa. Hakulia. Aliifungua Biblia ya Mzee, akaifunga, akaifungua, bila kusoma.

Jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu walipomtoa, amefungwa kamba kwapani, mguu mmoja umeelekea upande usiofaa. Walimlaza kwenye benchi la kwaya. Akawa anapepesa macho, akatuona sote tumemzunguka, mzee wa kanisa akiwa na tope kwenye suruali ya ibada, na nikaona hofu ikimrudia usoni, hofu nyingine, isiyo ya udongo.

"Nani amesema?" akauliza.

"Hakuna aliyesema," Jenifa akamjibu. "Nilitazama tu."

Tukampeleka hospitali kwa pikapu ya viti. Odira alipona, anachechemea, sasa anauza vocha na betri za tochi karibu na njia panda, na mtu akimwuliza kuhusu mguu husema ni malaria.

Jumapili ile nilikaa na vikombe sitini, kisu, jivu na mchanga. Nilikwangua kila alama. Samaki, jogoo, nyota, vyote. Baadhi viliota kutu mahali hapo, na ndiyo hizo kutu mlizoniuliza siku ya makabidhiano mkitaka kuniandikia kwamba nimevitunza vibaya. Kikombe kikiinama, mtajua yuko mtu. Mkitaka kujua zaidi ya hapo, rudini mkasome niliyoyaandika juu.

Baraza halikukaa kuwajadili wale saba. Halikusema limesamehe wala limeshindwa. Tarehe ya kikao ilisogezwa, ikasogezwa tena, mpaka kila mtu akaona aibu kuitaja.

Ijumaa iliyofuata, nikiwa namkabidhi Boke meza, Mzee Ezekieli alikuja. Alisimama kwanza akaulizia mvua. Akaulizia afya ya Boke, ingawa siku zote hakuwahi kumjulia hali. Mwishowe akasema, "Nyar Sindo, viko vikombe visivyo na alama?"

"Vyote havina, Mzee."

"Basi nipe kimoja."

Mdomo wangu ulifunguka kuuliza cha nani. Nikaufunga. Nilimpa. Alikifunika kwa kofia yake akaenda nacho nyumbani, akikanyaga taratibu kama aliyebeba yai.

Kesho yake ibadani hakukaa mbele pamoja na wazee wenzake. Alichukua kiti cha mlangoni, na kila bati lilipolia kwa joto aligeuka. Wimbo wa mwisho haukuwa umekwisha, yeye akawa ameshatoka. Nilimkuta ng'ambo ya njia, mbele ya meza ya Boke na vikombe vilivyoinama, mikono nyuma, midomo inahesabu bila sauti. Alifika mwisho wa meza, akarudi mwanzo, akaanza upya.